Nywele za Sekela

Kila mtu huzaliwa na kilomita elfu ishirini za kusafiri kwa gari. Zikiisha, atatembea kwa miguu mpaka kufa. Za mume wangu, Ambakisye, ziliishia kwenye mashindano ya magari, yale ya ridhaa ambayo mshindi hupewa kikombe na kupigiwa makofi. Zangu nilimpa mwaka tuliooana. Nilikuwa nampenda, na nilidhani sitatamani tena kwenda popote.

Sasa alikuwa anabembeleza apewe za mtoto wetu wa miezi saba.

"Mama Sekela, weka kidole gumba tu hapa kwa niaba ya mtoto. Elfu tatu, nimalize fainali."

"Hata kutambaa hajajua, unataka kumlia safari zake?"

"Si atakuja kunishangilia!"

"Kwa miguu?"

Akacheka peke yake, kisha akatoka kwenda kulifuta vumbi gari lake. Kidole changu nilikificha ndani ya khanga.

Nikampigia mama, Tukuyu. Kwenye ukoo wetu nywele za kuzaliwa hunyolewa na bibi, na za Sekela zilikuwa zimeshafunika masikio.

"Mama, mimi siwezi kuja. Nimnyoe tu mwenyewe?"

"Thubutu! Niachie mjukuu wangu. Mimi nimebakiwa na kilomita mia nne. Kutoka hapa hadi kwenu Iringa zinatosha."

Nilifurahi mpaka nikalia. Nikatandika kitanda cha pili, nikanunua wembe mpya. Za kurudi sikumwuliza.