Nesi wa Dirishani

Komeo la dirisha lilijifungua gizani, tak, na Mwanahawa akajua nesi amefika. Ndivyo watu wa mtaa walivyoiita droni ya zahanati, ambayo kwa amri iliingia kila nyumba yenye mtoto mchanga kabla hakujapambazuka. Nesi akaelea shubiri moja juu ya kifua cha mtoto, akisikiliza pumzi zake.

"Hajatoka arobaini, na jicho la kigeni lishamfikia," alinung'unika mama mkwe, Bi Sauda, akimwongeza mjukuu wanja kwenye paji la uso. "Zamani hata jirani hakuonyeshwa mtoto!"

"Mama, si jicho hilohilo lililotuokolea Tatu?"

Kweli, nesi ndiye aliyegundua nimonia ya Tatu, bintiye mkubwa, alipokuwa mchanga, kabla hajakohoa hata mara moja. Upepo wa mapanga ya nesi ulimshtua Mwanahawa kila siku ulipompiga usoni, na kila siku alishukuru.

Mtoto akaanza kulia. Mwanahawa akanyoosha mikono.

"Tafadhali sogea, mama," nesi akasema kwa upole.

Akasogea, kama alivyozoea. Ndipo nesi akaanza kumbembeleza mtoto kwa wimbo, na Mwanahawa akautambua. Wimbo ulikuwa wake, aliomtungia Tatu alipokuwa mchanga, nesi akisikiliza. Sauti nayo ilikuwa yake, pamoja na ule mkwaruzo wake mdogo wa koo. Mtoto akanyamaza, akaikodolea macho taa ya kijani ya nesi.

Tatu, aliyekwisha kuamka, akavuta kanga ya mama yake.

"Mama, leo imba wewe."