Pazia la Dada

Dada alinyamaza ukingoni mwa jukwaa, macho kwa watazamaji. Lilikuwa onyesho lake la kuagana na kazi, na sentensi moja tu ndiyo iliyobaki.

Mdogo wake, mvuta pazia, alimnong'oneza sentensi hiyo kutoka pembeni, kama alivyozoea kumsaidia tangu usahaulifu uanze. Dada hakugeuka. Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akacheka chinichini.

Hawatamcheka dada yangu, mdogo mtu akasema moyoni, akaivuta kamba kwa nguvu zake zote. Pazia zito likafungwa.

"Mbona umefunga, mdogo wangu?"

"Si umesahau, dada? Nimekustiri."

"Sikusahau. Nilikuwa nawatazama tu, mpaka nishibe."

Mdogo mtu akairukia kamba kulifungua pazia tena. Ikakwama kwenye kapi huko juu. Fundi wa taa, kwa kuona pazia limefungwa, alishawasha taa za ukumbini kama kawaida, na viti vikaanza kukwaruza sakafu. Mdogo mtu akazidi kuvuta, machozi yakimtoka.

Dada akamshika mikono, akavifunua viganja vilivyochubuka.

"Acha, mama," akamwambia. "Utajiumiza bure."