Wa Kwanza Kupanda

Risper aliifungua barua ya maabara pale pale shambani, Awendo, viatu vyake vizuri vikizama kwenye tope.

"Mama, si chira, si laana ya mwiko," alisema, na sauti ikapanda bila yeye kutaka. "Ni jeni ya ukoo wa baba, inayoharibu ini. Shangazi anayo, nami ninayo. Wewe huna."

Mama yake alikuwa ameshika mbegu za mahindi. Aliufunga mkono taratibu, kama anayeogopa zisimwagike.

Miaka kumi na tisa ukoo ulimlaumu yeye. Walisema alipanda kabla ya mama mkwe wake, akavunja mwiko, na chira ikamchukua mumewe na shemeji wawili kwa saratani ya ini, matumbo yamevimba, macho ya manjano. Tangu hapo yeye, mke wa kaka mkubwa, ambaye kwa mila ndiye alipaswa kuanza baada ya mama mkwe kufariki, alingoja kila msimu mpaka wote wamalize kupanda.

"Umesema wewe unayo."

"Ninayo. Haimaanishi lazima niugue. Watakuwa wananipima ini kila miezi sita. Baba hakupimwa hata mara moja."

Ng'ambo ya ua, wake wa shemeji walikuwa wamesimama na majembe, wakisikiliza.

Mama alivua kandambili. Aliingia kwenye udongo uliolowa, akachimba shimo kwa kisigino, akadondosha punje tatu na kuzifukia kwa vidole vya mguu.

"Nyathina, mwanangu," alisema bila kugeuka, "waambie sasa wanaweza kupanda."