Viatu vya Mama Nzigire

Mjini humo kila mkimbizi alipewa nyumba yenye sauti ukutani. Sauti ilimpima presha na kumkumbusha dawa. Akishapona kabisa, sauti ilihamishwa, nyumba ikabaki yake.

Mama Nzigire alikuwa amebakiza kipimo kimoja tu. Presha ilishashuka, miguu ilishaacha kuvimba, na maandazi yake yaligombewa mtaa mzima. Tatizo lilikuwa viatu. Tangu atoroke kwao, alilala navyo miguuni, furushi lake la kitenge likiwa mlangoni, tayari kukimbia.

Asubuhi moja sauti iliita: "Mama! Umelala pekupeku!"

"We mbea, umenichungulia tena?"

"Viatu viko chini ya kitanda. Na furushi je?"

"Furushi lipi? Kile kitenge nimeshakishona pazia."

"Basi umepona, Mama. Nyumba ni yako."

Nzigire alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka na miswaki midomoni. Akazunguka chumba hadi chumba, akikanyaga sakafu yake kwa miguu mitupu, kwa madaha kama bibi harusi. Presha ikimpanda leo, basi ni kwa raha zake mwenyewe.

Alipotulia, akakumbuka adabu. Mgeni haondoki kwake hivi hivi.

"Na wewe sasa unakwenda wapi?"

"Sijui, Mama. Nitapangiwa."

Neno hilo Nzigire alilisema kambini miaka kumi na tisa. Akavuta kiti karibu na ukuta.

"Ngoja kwanza," akasema. "Chai ndiyo inachemka."

Akaweka vikombe viwili mezani.