Mlima Mtupu

Moto ulipomaliza mji aliokuwa akiujenga mlimani kwenye mchezo wa kompyuta, shemeji wa Séphora alibonyeza kitufe mara moja tu. Mlima ukarudi na majani mabichi, mto ukajaa, miti ikaanza kuota.

"Unaona? Kila mara inakuyaka mupya," alisema. "Rudia Musienene, ujenge tena. Basoda balishatoka."

Séphora alikuwa amejenga kule mara mbili. Mara ya pili askari hao waliichoma nyumba mumewe akiwa ndani, kaka wa huyu huyu shemeji. Viganja vya Séphora bado vilikuwa na makovu ya ule mlango uliokuwa ukiwaka, aliojaribu kuufungua.

Aliinama, akatafuta watu kwenye ule mlima mtupu.

"Na bale ba mbele, benye balikuwa mu muji, biko wapi?"

"Shemeji, ni jeu tu."

"Basi cheza weye," alisema Séphora, akatandika mkeka wake wa kulalia katikati ya sebule ya shemejiye, huko Bulengera alikokimbilia.