Kituo cha Mama

Ramani ya dunia ilitandazwa juu ya meza ya chakula, na Shomari akampa kila mtu punje moja ya maharage. "Kila mmoja achague kituo chake," aliiambia familia yake. Ingekuwa safari yao ya kwanza ya ng'ambo.

Hemedi, mwenye miaka kumi na minne, aliweka yake kwenye mji wenye uwanja mkubwa wa mpira. Dada yake Nasra, aliyekuwa ameapa tangu asubuhi kwamba haendi popote na wazazi, aliweka yake Istanbul kisha akajifanya anatazama simu. Baba yao, Shomari, alichagua Kairo.

"Mimi popote mtakapofurahi nyinyi," alisema mama yao, Mwanakombo, akirudisha punje yake.

Nasra akaweka simu chini. "Mama, kila siku unakula shingo ya kuku kwa sababu sisi tunapenda mapaja. Leo hapana. Chagua."

Mwanakombo aliinamia ramani. Kisha kidole chake kikapanda polepole hadi kwenye milima iliyochorwa nyeupe. "Nataka kushika theluji," alisema, akaona haya kama bibi harusi.

"Theluji! Mama, wewe unavaa sweta mvua ikinyesha tu!" Hemedi alicheka.

"Basi nitajizoeza."

Akainuka, akafungua friza, akazamisha mkono kwenye barafu hadi kiwikoni, akapiga kelele. Nasra akamkimbilia, akazamisha wake kando ya wa mama. Nyuma yao, Hemedi na baba yake walikuwa tayari wanakunja mikono ya mashati.