Thamani ya Farasi

Shekue aliipekua programu ya sataranji aliyoiandika Athmani, marehemu mume wa shangazi yake, akagundua kosa.

"Shangazi, kabla ya kucheza, kompyuta hujumlisha thamani ya kete zilizobaki. Ngome ni tano, farasi tatu. Marehemu kaandika farasi sita! Ndiyo maana inashindwa kila siku. Niisahihishe?"

"Iache," alisema Bi Rukaya. "Ndivyo alivyokuwa. Heri apoteze ngome, lakini farasi wake asiguswe."

Akasogeza kete yake, akamtishia farasi wa kompyuta. Kompyuta ikapitia maelfu ya hatua zijazo, ikamwokoa farasi, ikaiacha ngome wazi.

Hapo ndipo Athmani alipokuwa akicheka na kusema, "Chukua tu, bibie."

Kidole cha Bi Rukaya kilisimama mbele ya kioo, juu ya ngome. Alikuwa akisubiri kuambiwa.